Nusu Sekunde ya Lugano

Ujumbe wa Lugano ulifika Alhamisi asubuhi, na ulikuwa mfupi kuliko kawaida yake. Alisema angekuja Jumamosi kama walivyopanga, angecheza, angekula, na akimaliza angekiacha kilemba chake cha kuchezea pale pale kwa Sekela. "Wewe ni fundi, utamjua mtu mwenye mikono wa kumpa," aliandika. "Kwangu mimi huu ni mchezo wa mwisho."

Sekela aliusoma akiwa amesimama karakanani, bisibisi mdomoni, mbele ya vilemba sita vya wateja vilivyofunguliwa matumbo. Akausoma tena. Kisha akaitoa bisibisi mdomoni na kutamka neno moja ambalo mama yake, aliyekuwa akipita na ndoo, alijifanya hakulisikia.

Walikuwa wanne, na walikuwa pamoja tangu darasa la tano. Sekela mwenyewe, Tusekile, mwalimu wa hisabati ambaye ulimi wake ulikuwa umewatoa jasho wakaguzi watatu wa elimu, Ambokile wa kitalu cha parachichi, mnene, mpole, mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye, na Lugano, nahodha wao. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi walikutana kwa Sekela, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na mtambo mama, sanduku la chuma lenye ukubwa wa debe lililowaunganisha wao kwa wao, kisha likawaunganisha na nyumba nyingine yoyote iliyotaka kupimana nao ubavu. Wazee wa Kinyakyusa walikuwa na neno la mambo haya, ukwangala, yaani kukaa na wa rika lako, mkala pamoja na kufurahi. Wazee hawakuwa na mitambo, lakini Sekela aliamini wangeelewa.

Mchezo wao ulikuwa Korongo. Timu mbili zinasimama kwenye kingo mbili za korongo lisilo na chini. Mmoja anakata mawe, wawili wanabeba, na wa nne, ambaye ndiye nahodha, anayapanga hewani jiwe kwa jiwe mpaka daraja lifike ng'ambo. Hapo anavuka na kuwasha moto upande wa wapinzani, na mchezo umekwisha. Hakuna anayeshika chochote kwa mkono wa nyama. Kilemba kinasoma kusudio la mkono kabla mkono haujainuka, na kusudio hilo ndilo linalobeba jiwe.

Lugano alikuwa mfalme wa kazi hiyo. Alikuwa fundi wa minara ya upepo kule mlimani, mtu wa kuning'inia kwenye kamba mita themanini juu ya mashamba ya chai huku akipiga mluzi. Alipanga mawe bila kuyaangalia. Halafu miaka miwili iliyopita, akiwa na miaka thelathini na sita, kiharusi kilimkuta nyumbani kwake akifunga kamba za viatu.

Mguu ulirudi. Maneno yalirudi. Mkono wa kulia ulirudi nusu: ulifanya kila ulichoambiwa, lakini ulichelewa. Sekela aliwahi kuupima kwa vyombo vyake na kupata nusu sekunde kamili. Mezani, nusu sekunde ni chai iliyomwagika. Ndani ya Korongo ni jiwe linalopotelea shimoni. Tangu siku ile hawakuwa wameshinda hata mchezo mmoja, na wote walijua Lugano anahesabu.

Sekela hakumjibu ule ujumbe. Aliufunga, akakaa juu ya stuli yake ya kazi, na akaanza kuwaza jambo ambalo si zuri.

* * *

Kila kilemba kina kitufe kinachoitwa Azima. Wenye kiwanda walikiweka kwa ajili ya wazazi. Mzazi anapocheza na mtoto mdogo, anabonyeza, na kilemba kinachukua sehemu ya wepesi wa mishipa yake na kumpa mtoto. Hakiongezi kitu duniani. Mmoja anachopata ndicho mwenzake alichokosa. Mtoto anakuwa mwepesi kidogo, mzazi anakuwa mzito kidogo, wanakutana katikati na wote wanafurahi. Anayeazimwa huona nukta ya kijani pembeni ya jicho. Lakini kwa kuwa watoto nao wana kiburi chao, kiwandani waliweka na chaguo la pili, Kimyakimya, na ukilichagua hilo nukta haionekani.

Aliyeazimwa haulizwi. Kiwandani hawakuona haja ya kumwuliza mtoto.

Ijumaa nzima Sekela alikizunguka kitufe hicho kwa mawazo. Alijiambia kwamba ni mara moja tu. Alijiambia kwamba Lugano akishinda mara moja atapata moyo, na mtu mwenye moyo hupona haraka, hata madaktari wanasema. Alijiambia mambo mengi, na kila moja lilikuwa na nusu ya ukweli. Lililobaki, ambalo hakujiambia, ni kwamba hakuwa tayari kukaa kwenye ile sebule Jumamosi moja bila Lugano. Basi jioni ile akakifungua kilemba chake mwenyewe, akaandika jina la Lugano, akachagua nusu, akachagua Kimyakimya, akakifunga.

Jumamosi mvua ilianza saa sita mchana, ile mvua ya Tukuyu isiyokuwa na haraka ya kwenda popote. Ambokile alifika wa kwanza na mfuko wa parachichi, akiomba radhi kwa ajili ya matope. Tusekile akaja akilalamikia mitihani ya wanafunzi wake. Wa mwisho alikuwa Lugano, kilemba kwapani, kichwa kimelowa. Akamwamkia mama, akaulizwa habari za mke na mtoto, akajibu kuwa wote wazima. Alipoketi alikiweka kilemba juu ya meza taratibu, na wenzake watatu wakatafuta kitu kingine cha kuangalia.

Ukuta wa sebule ukawaka kama skrini. Ilikuwa nyumba ya Gwakisa, nahodha wa wapinzani wao, kule Kyela, na Gwakisa mwenyewe akiwa na fulana ya jasho, wenzake watatu nyuma yake na feni ikizunguka juu ya vichwa vyao. Watu wa Kyela na watu wa Tukuyu ni ndugu, na kama ndugu hawapishani bila kuchokozana. Gwakisa aliuliza kama huko mawinguni bado wanavaa makoti matatu matatu. Tusekile akamjibu kwamba afadhali koti kuliko kuchemka pamoja na mchele wako. Lugano alicheka, lakini kicheko chake hakikufika machoni. Wakavaa vilemba.

Sekela alijua atakuwa mzito, ila hakujua ni kiasi gani. Yeye ndiye mkata mawe. Aliinua patasi yake na ikashuka polepole mno, na jiwe la kwanza likatoka limepinda. Akajipa moyo kwamba wabebaji watafidia. Lakini Ambokile, ambaye kwa kawaida hubeba mawe mawili mawili, alikuwa anatambaa na moja. Na Tusekile alikuwa hatambai hata. Alisimama katikati ya njia akiliangalia jiwe lake kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Lugano, yeye, aliruka. Hakuna neno jingine. Jiwe lilimgusa na likawa tayari mahali pake. Alipoona mawe hayamfikii alirudi kuyachukua mwenyewe, akaja akampokonya Sekela patasi na kukata kumi kwa kupumua mara moja, akarudi mbio kwenye daraja. Nyuma yake daraja lilitikisika kwa hatua zisizolingana, kwa maana Korongo lina kanuni hiyo, wanaokanyaga daraja kwa mapigo tofauti hulitikisa. Lakini alikuwa mwepesi mno kwa daraja kumwangusha. Watu wa Kyela walikuwa hawajafika nusu ya njia yao alipowasha moto upande wao, peke yake, akacheka kicheko ambacho Sekela hakuwa amekisikia kwa miaka miwili.

* * *

Walivua vilemba. Lugano alibaki amesimama katikati ya sebule akiuangalia mkono wake wa kulia, akiukunja na kuukunjua.

"Umerudi," alisema. "Sekela, umeona? Umerudi wenyewe."

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Akamkumbatia Ambokile, akamkumbatia Tusekile, akatoka hadi jikoni kumwambia mama. Ukutani Gwakisa alikuwa anauliza huyu mtu wamemlisha nini. Sekela alijibu chochote, akasogea kwenye mtambo mama kana kwamba anakagua nyaya, akafungua ukurasa wa fundi, ule ambao wachezaji hawauoni. Alitaka kulifuta azimo lake kabla halijaacha alama.

Yalikuwepo maazimo matatu. La kwake, nusu. La Ambokile, nusu. La Tusekile, robo tatu. Yote Kimyakimya.

Akageuka. Tusekile na Ambokile walikuwa wanamwangalia, kisha wakaangaliana, na kwenye nyuso zote tatu aibu ikapanda kwa pamoja. Hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake. Kila mmoja alikuwa amefunga mlango wake Ijumaa na kuamini kwamba yeye ndiye rafiki peke yake. Mahali pengine, ambako watu wanapendana kwa kiasi, jambo hilo lisingetokea.

Tusekile alinong'ona kwamba basi yameisha, amefurahi, waache hivyo. Ambokile akasema huenda furaha hiyo ikamfanyia kazi kweli. Sekela alitamani kukubaliana nao. Ilikuwa rahisi kabisa: wangelipunguza azimo kidogo kidogo kila mwezi, Lugano angebaki, Jumamosi zingebaki. Alikuwa tayari ameanza kuhesabu namna ya kufanya hivyo.

Hapo Lugano akarudi kutoka jikoni, akiwa amenyooka mgongo kama zamani. Akasema Jumatatu atakwenda kwa msimamizi. Anataka mnara wake, namba saba, ule wa juu kabisa. Ameshampigia mke wake simu.

Sekela akauona mnara namba saba. Aliziona mita themanini, na kamba, na mkono unaochelewa nusu sekunde kukamata.

"Lugano, kaa kwanza."

"Nikae nini, nimekaa miaka miwili."

"Mkono ule haukuwa wako," alisema Sekela. "Ulikuwa wangu. Nilikuazima nusu, kimyakimya. Nilifanya jana."

Ambokile akaweka mikono magotini na kusema, bila kuinua macho, kwamba na wa kwake ulikuwemo. Tusekile, ambaye maneno hayakuwahi kumpungukia, aliinua kidole tu kama mwanafunzi anayekiri kosa.

Lugano alikaa. Aliangalia wote watatu, mmoja mmoja.

"Kitufe hicho," akasema, "ndicho ninachombonyezea mwanangu. Ana miaka minne."

Hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza. Tusekile alianza kusema kwamba walifanya kwa upendo. Lugano akamjibu kwamba anajua, na ndiyo maana inauma, kwa sababu adui angeweza kumchukia akamaliza, lakini rafiki achukie vipi. Kisha akafanya jambo ambalo Sekela hakulitegemea. Alivuta kiti mpaka mbele ya ukuta na kumwita Gwakisa.

Akamweleza yote. Akasema mchezo wa kwanza si wao, uwe wa Kyela, na wamsamehe. Gwakisa alikuna kichwa, akashauriana na wenzake, na aliporudi utani ulikuwa umemtoka. Alisema Kyela hawachukui mchezo ambao hawakuushinda. Ufutwe. Wapate chakula, wapumzike, kisha wacheze mmoja tu utakaoamua, na kila mmoja aseme wazi amevaa nini.

"Nitakuwa nimevaa nusu sekunde yangu," alisema Lugano, akazima ukuta.

* * *

Kabla ya chakula alitaka kujaribu. Sekela aliyafuta maazimo yote mbele yake, akamwonyesha ukurasa wa fundi ukiwa mtupu, na Lugano akaingia Korongo peke yake kwa mazoezi. Walimtazama ukutani. Alipanga mawe matatu. La nne lilipofika mkono ulikuwa bado njiani, na likaenda. La tano likaenda. Alijaribu kwa dakika kumi, kwa uvumilivu wa kutisha, na hakupita jiwe la sita. Alipovua kilemba shati lilikuwa limemganda mgongoni, na hakuna aliyethubutu kumpa pole.

Mama alileta sinia moja la ndizi na maharage, parachichi za Ambokile zimekatwa pembeni. Hakuuliza kitu. Alikuwa amesikia yote kupitia ukuta wa jikoni, ambao haukuwa na unene wa kuficha siri za mtu. Akawanawisha mikono, akakaa kwenye kiti chake karibu na mlango.

Wakala. Mkono wa Lugano ulikwenda kwenye sinia polepole, ukachukua, ukarudi polepole. Na mkono wa Ambokile ulikwenda ulipokwenda wa Lugano, na wa Tusekile vivyo hivyo, na wa Sekela. Ndivyo walivyolelewa. Kwenye sinia la wenzako humtangulii mtu. Wa polepole ndiye anayeweka mwendo. Walikuwa wamefanya hivyo kwa miaka miwili bila kufikiri, na Sekela hakuwahi kuliona mpaka Lugano alipoacha kula na kulisema.

"Hapa mnanisubiri," alisema. "Nawaona mnanisubiri na sioni aibu. Kwa nini hapa sioni aibu?"

Ambokile akasema labda ni kwa sababu wanakula chakula kimoja.

"Ni kwa sababu mnafanya mbele ya macho yangu," alisema Lugano. "Na kwa sababu nyie nanyi mnakuwa wa polepole pamoja na mimi. Kule ndani mlinipa wepesi wenu, nashukuru. Lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama angeweza kuchukua uzito wangu. Mliona huo ni wangu peke yangu."

Sekela aliacha kutafuna. Kama fundi, alijua kitu ambacho kitabu cha kiwandani kinakikataza kwa herufi nyekundu. Akakieleza, akichora kwa kidole kwenye mvuke wa dirisha. Tuseme kila mmoja anamwazima wa kulia kwake nusu ya alichonacho. Sekela anampa Tusekile, Tusekile anampa Ambokile, Ambokile anampa Lugano, na Lugano anampa Sekela. Mtambo unaanza kuzungusha. Kila mzunguko mwenye kingi anapunguza, mwenye kidogo anaongeza, na kwa kuwa unazunguka mara elfu moja kwa sekunde, kufumba na kufumbua wote wanne wanabaki na kiasi kile kile. Kiwandani wanakataza kwa sababu kinachozunguka si wepesi tu. Uzito nao unazunguka. Kila mmoja atausikia mwilini mwake.

"Nusu sekunde kwa watu wanne," alisema Tusekile, na ualimu ukamrudia. "Moja ya nane ya sekunde kila mmoja. Bado tutakuwa wazito kuliko Kyela."

Ndiyo, alisema Sekela, watakuwa wazito kuliko Kyela. Kisha akamgeukia Lugano na kumwuliza, kwa sauti na mbele ya watu, swali ambalo alipaswa kumwuliza Alhamisi. Je, anakubali kuchukua chao, na wao wachukue chake?

Lugano alinawa mkono wa kulia, akachukua muda wake, akaukausha.

"Nakubali," alisema. "Na nukta za kijani ziwake zote."

Gwakisa aliposikia mpango huo aliguna. Akauliza kama wana hakika wanataka kujifunga mawe miguuni wakati wanaenda kuogelea. Kyela hawakuwa na pingamizi lolote.

* * *

Uzito ulimjia Sekela mara tu alipofunga kilemba. Aliamuru mkono na mkono haukuja. Ilikuwa ni kitambo kidogo sana, kope moja, lakini ndani ya kitambo hicho palikuwa na upweke ambao hakuwahi kuufikiria. Mwili wake ulikuwa umemsikia na bado ulikuwa unaamua. Mkono ulipofika alikuwa ameshaogopa. Na hii ilikuwa robo tu. Mwenzao alikuwa ameishi na yote, kila kijiko, kila kifungo cha shati, huku wao wakimwambia ajikaze. Kule ng'ambo ya uwanja alimwona Ambokile amesimama analia waziwazi, jiwe mikononi. Pembeni ya jicho lake mwenyewe nukta ya kijani iliwaka kwa utulivu.

Kyela walianza kwa kasi ya kuchukiza. Mawe yao yalitiririka. Gwakisa alikuwa jiwe la ishirini wakati Lugano yuko la kumi na mbili, na Sekela alipoinua macho aliliona pengo. Akajaribu kuharakisha. Patasi ikapinda. Akakumbuka sinia, akaacha kuharakisha, akaukata wimbo badala ya jiwe, yaani alikata kwa pigo, na pigo lilikuwa lile lile la kuchelewa kwao.

Ndipo kitu kikaanza kukaa sawa. Jiwe lilipotoka kwake, mikono ya Tusekile ilikuwa ndiyo inafika. Lilipomwacha Tusekile, ya Ambokile ilikuwa ndiyo inafunguka. Na Lugano, ambaye kwa miaka miwili alipokea kila jiwe likiwa limeshampita, alilikuta kila moja linamngoja. Hakuna aliyemsubiri mwenzake, kwa sababu wote walichelewa sawasawa, na wanaochelewa sawasawa hawajachelewa. Walikanyaga daraja watu wanne kwa hatua moja. Daraja halikutikisika hata kidogo.

La Kyela lilikuwa linatikisika. Watu wanne wepesi, kila mmoja kwa wepesi wake, na kadiri walivyokimbia ndivyo lilivyoyumba. Walikuwa jiwe la thelathini na tano kati ya arobaini upepo wa korongo ulipopiga, ule upepo unaokuja mara moja kila mchezo na usiotabirika. Gwakisa akapiga kelele wasimame. Wakasimama, wakashikana, wakangoja daraja litulie.

Lugano hakusimama. Alijua upepo, alikuwa ameuishi mita themanini juu ya ardhi, na sasa alikuwa na mkono wa kuufanyia kazi. Akaanza kupiga mluzi. Sekela aliusikia kupitia kilemba na kupitia hewa ya sebule kwa pamoja, mluzi ule wa minarani, na watatu wakaushika kwa hatua zao. Thelathini na moja. Thelathini na mbili. Jiwe, jiwe, jiwe. Kyela walipoanza tena hesabu ya mawe ilikuwa sawa, na Gwakisa aliyetupa jicho kwenye daraja la pili aliona watu wanne wazito wanampita hesabu kwenye upepo kwa mwendo wa watu wanaotoka shamba.

La arobaini likakaa. Lugano akavuka. Mbele ya mahali pa moto aliinua mkono wa kulia, na Sekela akasikia mkono wake mwenyewe unainuka, na akajua kwamba wenzake nao mikono inawainuka. Moto ukawaka upande wa Kyela.

Kelele iliyofuata iliwafanya majirani wafungue madirisha kwenye mvua. Ambokile alikuwa amepiga magoti anapiga sakafu kwa viganja. Tusekile alikuwa juu ya kiti, mwalimu mzima, akiimba wimbo wa harusi. Ukutani Gwakisa alitikisa kichwa, akacheka mpaka akashika mbavu, akasema mwezi ujao atawafunga hata wakizungushana mpaka na kuku wa mama. Lugano akamwambia alete na mchele, maana huku ndizi zipo.

Mama ndiye aliyewaambia jambo ambalo wao hawakuweza kuliona. Alisema aliwaangalia muda wote kutoka pale mlangoni, wamekaa wamefumba macho kama watu wa maombi. Mwishoni, alisema, mikono minne ya kulia iliinuka kwa pamoja. Ilichelewa kidogo, yote, halafu ikainuka. Alipofika hapo akanyanyuka kwenda kuangalia chai yake.

Maazimo huchukua dakika chache kuisha mwilini. Sekela alimimina chai na mkono wake ukachelewa, na kidogo ikamwagika kwenye kisosi. Hakuipangusa mara moja. Lugano alichukua kikombe kwa mkono wa kulia, akanywa, akakirudisha bila kumwaga. Mara ya pili alipokiinua, mkono ulichelewa nusu sekunde kamili, na akaungoja, na wote wakaungoja pamoja naye huku wakizungumza mambo mengine. Kuhusu mnara namba saba hakusema tena kitu, ila aliuliza kama pale karakanani Sekela ana kazi inayohitaji macho zaidi ya mikono. Sekela alimwambia zipo tele, na aje Jumatatu hiyo hiyo.

Mvua ilikuwa bado inanyesha waliposimama kuagana. Kilemba cha Lugano kilikuwa mezani alipokiweka mchana. Watatu walikiona. Lugano alivaa koti, mkono wa kushoto kwanza, kisha wa kulia kwa wakati wake. Akafika mlangoni, akaangalia nje, akarudi.

"Sekela," alisema, "nitafutie mfuko wa nailoni. Mvua itanilowanishia kilemba changu."